Vidonge vya Maumivu na Usikivu: Hatari Iko Katika Kurudiarudia

Mtu anayenunua diklofenaki katika duka la dawa la mtaani, iwe Temeke, Kisauni au Bujumbura, kwa kawaida huulizwa jambo moja tu kabla ya kukabidhiwa vidonge: umekula? Swali hilo lina msingi. Dawa za kutuliza maumivu na kupunguza uvimbe, yaani aspirini, ibuprofeni ambayo wengi huiita Brufen, diklofenaki, naproxeni, piroksikamu, indometasini na nyingine za jamii hiyo, hudhoofisha ute unaolinda ukuta wa tumbo, na vidonda vinavyotokana nazo vimejulikana kwa miongo mingi. Muuzaji makini ataongeza swali la ujauzito, la shinikizo la damu au la figo. Masikio hayamo kabisa katika mazungumzo hayo, na pale yanapotajwa, hutajwa kwa ajili ya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye hatari ndogo zaidi.

Madhara ya dawa hizi kwa usikivu ni ya aina mbili, na kuyachanganya ndiko kunakowafanya wengine waogope pasipo sababu na wengine wapuuze pasipo haki. Aina ya kwanza huja haraka, hujitangaza, kisha huondoka: ni mlio wa masikioni na uzito wa kusikia unaompata mtu aliyemeza aspirini nyingi. Aina ya pili, ambayo ushahidi wake ni wa miaka ya karibuni na bado unajadiliwa, haina onyo lolote; ni kupungua kwa usikivu polepole kwa watu wanaotumia dawa hizi mara kwa mara kwa muda mrefu. Hoja yangu inahusu zaidi hii ya pili, lakini haieleweki vizuri bila kuanza na ile ya kwanza.

Habari za mlio wa masikioni ni za zamani kuliko aspirini yenyewe. Mwaka 1876 daktari Thomas MacLagan wa Dundee, Uskoti, alitangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa homa ya baridi yabisi kwa salisini, dawa inayotokana na mti uitwao willow kwa Kiingereza, na katika miaka hiyohiyo madaktari wa Ujerumani walikuwa wakitumia asidi ya salisili kwa kazi hiyohiyo. Haukupita muda mrefu kabla ya wagonjwa kuanza kulalamika kwamba masikio yanavuma na sauti za watu zinasikika kwa mbali. Kampuni ya Bayer ilipoanza kuuza Aspirin mwaka 1899, dawa hiyo mpya ilikuwa rafiki zaidi kwa tumbo, lakini ndani ya mwili iligeuka kuwa salisilati ileile, na masikio yakaendelea kuvuma. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari wa baridi yabisi waliufanya mlio huo kuwa kipimo cha dozi: walimwongezea mgonjwa aspirini hadi masikio yaanze kulia, kisha wakapunguza kidogo, na hapo ndipo walipoamini kwamba kiasi cha dawa katika damu kimefika panapotakiwa.

Wazee wengi wa Afrika Mashariki wanaijua hali hiyo kwa njia nyingine, kwa sababu kwinini nayo huleta mlio na uziwi wa muda. Aliyewahi kulazwa kwa malaria kali na kutundikiwa dripu ya kwinini, kabla ya sindano ya artesuneti kuchukua nafasi yake katika miaka ya 2010, anakumbuka masikio yaliyoziba na kuvuma siku nzima. Kwinini si ya jamii ya dawa ninazozijadili hapa, na naitaja kwa sababu kumbukumbu hiyo imewafundisha watu wetu somo moja ambalo ni la kweli lakini si kamili: kwamba dawa ikivumisha masikio, ukiacha kuitumia yatatulia.

Kwa aspirini, somo hilo ni sahihi karibu wakati wote. Anayetumia gramu kadhaa kwa siku anaweza kupoteza usikivu wa desibeli 20 hadi 40 katika masikio yote mawili, kiasi cha kutosikia mnong'ono na kulazimika kuomba watu warudie maneno, lakini hali hiyo hurudi kawaida ndani ya siku moja hadi tatu tangu dawa isimamishwe. Kidonge kidogo cha miligramu 75 au 100 kinachotolewa kwa wagonjwa wa moyo ni kitu kingine. Kiasi chake ni cha chini mno kuleta mlio wa aina hiyo. Mlio ukimpata mtu anayemeza dozi kubwa, kwa hiyo, ni ishara ya kupunguza au kuacha na kwenda kwa daktari, na mara chache ni mwanzo wa uziwi wa kudumu.

Sababu ya hali hii kurudi kawaida imefahamika vizuri zaidi katika miaka 25 iliyopita, na inafaa kuielewa kwa sababu ndani yake ndimo yaliyomo maswali yote yanayofuata. Sikio la ndani lina koklea, mfereji uliojikunja kama gamba la konokono, wenye maji na safu za seli zenye vinyweleo. Binadamu huzaliwa na seli za safu ya ndani zipatazo 3,500 katika kila sikio, na za safu za nje zipatazo 12,000. Za ndani ndizo zinazopeleka habari ya sauti kwenye ubongo. Za nje huikuza sauti kabla haijafika kwa za ndani, na hufanya hivyo kwa kujifupisha na kujirefusha maelfu ya mara kwa sekunde zikifuata mtetemo wa sauti yenyewe. Mwaka 2000 watafiti wa maabara ya Peter Dallos, katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, waliitambua protini inayoziwezesha seli hizo kucheza, wakaiita prestini. Prestini hufanya kazi kwa kushika na kuachia chembe za kloridi, na salisilati huingia katika nafasi ya kloridi na kuikalia. Seli inabaki hai, lakini imekufa ganzi. Dawa ikiisha mwilini, kloridi hurejea mahali pake na sauti hukuzwa tena.

Hiyo, hata hivyo, ni njia moja tu, na inahusu salisilati peke yake. Njia nyingine inahusu jamii nzima ya dawa hizi. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alieleza kwamba aspirini na wenzake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, homa na uvimbe, na kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Prostaglandini hizohizo zina kazi nyingine njema: hulinda tumbo, na husaidia mishipa midogo ya damu ibaki wazi katika figo na mahali pengine. Koklea hulishwa na mshipa mwembamba mmoja usio na msaidizi, kiasi kwamba damu ikipungua humo hakuna njia nyingine ya kuifidia. Tena, mwili unapozuiwa kutengeneza prostaglandini, malighafi yake, asidi ya arakidoni, hulimbikizana, na mwaka 2003 watafiti wa Montpellier, Ufaransa, walionesha kwa panya kwamba mkondo huo huamsha vipokezi vya neva vilivyo chini ya seli za ndani na kuleta mlio mahali ambapo hakuna sauti.

Tukifika hapa ndipo linapojitokeza swali gumu. Ikiwa kila dozi inapunguza kidogo damu inayofika kwenye koklea, au inazichokoza neva zake, na ikiwa hali hiyo inarudiwa mara tatu au nne kila wiki kwa miaka sita au kumi, je, seli zinaendelea kujirudi kila mara kana kwamba hakuna kilichotokea? Ngozi hujitengeneza upya na ini hukua tena. Seli za usikivu za binadamu hazioti tena zikishakufa, na tunazozaliwa nazo ndizo tunazozeeka nazo. Uharibifu mdogo katika kiungo cha namna hiyo ni kama deni lisilolipika.

Jibu bora tulilonalo limetoka Boston, kwa kundi la watafiti wa Brigham and Women's Hospital na Chuo Kikuu cha Harvard likiongozwa na daktari Sharon Curhan. Mwaka 2010 walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 26,917 wenye taaluma za afya, waliokuwa na umri wa miaka 40 hadi 74 ufuatiliaji ulipoanza mwaka 1986. Katika kipindi hicho wanaume 3,488 walisema wamegunduliwa kuwa na upungufu wa usikivu. Waliotumia aspirini mara mbili au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata tatizo hilo kwa asilimia 12 kuliko wasioitumia hivyo. Kwa dawa nyingine za jamii hii, kama ibuprofeni, ongezeko lilikuwa asilimia 21, na kwa parasetamoli asilimia 22. Kilichowashtua wengi ni hesabu ya wanaume wenye umri wa chini ya miaka 50, ambao kwao ongezeko lilikuwa asilimia 33 kwa aspirini, 61 kwa dawa nyingine za kupunguza uvimbe, na 99 kwa parasetamoli. Kwa waliofika miaka 60 na zaidi, uhusiano na aspirini haukuonekana.

Miaka miwili baadaye kundi hilohilo lilitoa matokeo ya wauguzi wanawake 62,261 waliofuatiliwa kuanzia mwaka 1995 hadi 2009, wakiwa na umri wa miaka 31 hadi 48 mwanzoni. Safari hii ngazi zilionekana wazi: waliotumia ibuprofeni siku mbili au tatu kwa wiki walikuwa na ongezeko la asilimia 13, waliotumia siku nne au tano asilimia 21, na waliotumia siku sita au saba asilimia 24. Aspirini haikuonesha uhusiano wowote kwa wanawake hao. Utafiti wa mwaka 2017, uliohusu wanawake wakubwa zaidi wapatao 55,850, uliangalia urefu wa matumizi na kukuta kwamba waliotumia dawa hizi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka sita walikuwa na ongezeko la asilimia 10 wakilinganishwa na waliotumia kwa mwaka mmoja au chini ya hapo. Watafiti walikadiria kwamba, ikiwa uhusiano huo ni wa sababu na matokeo, takriban asilimia 5.5 ya upungufu wa usikivu katika kundi hilo ungeweza kuhesabiwa kwa ibuprofeni na parasetamoli.

Asilimia hizi zinahitaji kusomwa kwa makini, na hapa ndipo ninapotofautiana na vichwa vya habari vilivyozitangaza wakati ule. Ongezeko la asilimia 21 halina maana kwamba watu 21 kati ya 100 watakuwa viziwi. Katika kundi la wanaume wale, upungufu wa usikivu uliwapata kiasi cha watu 9 au 10 katika kila 1,000 kwa mwaka. Kuongeza asilimia 21 juu ya hapo ni kuongeza watu wawili hivi katika kila 1,000 kwa mwaka. Kwa mtu mmoja anayemeza ibuprofeni kwa ajili ya jino lililomsumbua siku tatu, hatari hiyo haistahili kumnyima usingizi. Kwa nchi yenye mamilioni ya watu wanaotumia dawa hizi kila wiki, wawili katika 1,000 kila mwaka, wakijumlishwa kwa miaka kumi, ni umati mkubwa.

Udhaifu wa tafiti hizi pia hauna budi kusemwa wazi. Washiriki walijieleza wenyewe kuhusu usikivu wao, na kwa sehemu kubwa walikuwa Wamarekani weupe wenye elimu na kipato. Hakuna aliyegawiwa dawa kwa kura, hivyo wanaotumia dawa mara nyingi huenda wanatofautiana na wasiotumia kwa mambo mengine: wana maumivu sugu, wana magonjwa ya mishipa, au wanafanya kazi penye kelele. Parasetamoli ndiyo inayonipa shida zaidi katika hesabu hii. Dawa hiyo haihesabiwi kuwa ya kupunguza uvimbe na njia yake ya kufanya kazi mwilini ni tofauti, lakini matokeo yake yalifanana na ya ibuprofeni, na kwa vijana yaliizidi. Watafiti walieleza kwamba parasetamoli hupunguza glutathioni, kemikali inayolinda seli za koklea dhidi ya sumu na kelele, na maelezo hayo yanawezekana. Yawezekana pia kwamba kinachoonekana hapo ni kivuli cha maumivu yenyewe, yaani kwamba miili inayouma ndiyo pia inayopoteza usikivu mapema, na kidonge kipo tu kama shahidi.

Mimi naona ukweli uko katikati, ukiegemea upande wa dawa. Kupanda ngazi kwa ngazi kadiri siku za matumizi zinavyoongezeka, kuonekana kwa jambo lilelile katika makundi matatu tofauti, na kuwapo kwa njia za kibaiolojia zinazoeleweka ni mambo ambayo kwa pamoja hayaelezeki kirahisi kwa bahati. Aspirini nayo inatoa ushahidi wa upande wake. Katika miaka ya 1980 wanaume wengi wa Marekani waliimeza kwa dozi ya kutuliza maumivu, kisha miaka ilivyosonga wengi wakahamia kidonge kidogo cha moyo. Uhusiano wake na usikivu unaonekana katika kundi la kwanza na kutoweka katika makundi yaliyofuata. Nchini Australia, ambako wazee wa miaka 70 na zaidi waligawiwa kwa kura ama aspirini ya miligramu 100 kila siku ama kidonge kisicho na dawa, vipimo vya masikio vilivyochapishwa mwaka 2024 havikuonesha tofauti kati ya pande mbili baada ya miaka mitatu. Mgonjwa wa moyo aliyeandikiwa aspirini ndogo na daktari wake hapaswi kuiacha kwa kuhofia masikio. Akiiacha kwa sababu hiyo, atakuwa ameyakinga masikio na hatari isiyoonekana huku akiuweka moyo kwenye hatari inayojulikana.

Kuna utafiti mmoja ambao lazima utajwe kwa yeyote anayetaka kuigeuza aspirini kuwa adui wa masikio. Mwaka 2006 jopo la watafiti lililomjumuisha Jochen Schacht wa Chuo Kikuu cha Michigan lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika China, ambapo wagonjwa 195 waliokuwa wakichomwa sindano za jentamisini walipewa ama gramu tatu za aspirini kila siku kwa wiki mbili ama kidonge kisicho na dawa. Jentamisini ni dawa nzuri dhidi ya bakteria lakini huua seli za usikivu. Miongoni mwa waliokosa aspirini, asilimia 13 walipoteza usikivu. Miongoni mwa walioipata, asilimia 3. Salisilati, ileile inayoziduwaza seli za nje, iliziokoa zisife, kwa kuwa huzuia kemikali haribifu ambazo jentamisini huzizalisha ndani ya seli. Hili halimaanishi kwamba mgonjwa ajipe aspirini mwenyewe akiwa wodini, kwani gramu tatu kwa siku zina hatari zake kwa tumbo, na watoto hawapewi aspirini ovyo. Linaonesha kwamba kuuliza kama dawa fulani ni mbaya kwa masikio hakutoshi mpaka uulize kwa kiasi gani, kwa muda gani, na pamoja na nini.

Pamoja na nini ndilo swali la kwetu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kwamba milioni 430 wanahitaji huduma ya kurekebishiwa usikivu. Wengi wao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Katika Afrika Mashariki sababu kubwa zinajulikana: masikio ya watoto yanayotoa usaha bila kutibiwa, homa ya uti wa mgongo, kelele za kazini, jentamisini, na kwa miaka mingi sindano za kanamaisini walizochomwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu hadi Shirika la Afya Duniani lilipozisukuma kando mwaka 2018 na kuweka mbele dawa za kumeza. Nikiziweka sababu hizo katika mizani, vidonge vya maumivu ni vyepesi. Serikali yenye fedha kidogo ikiniuliza ianzie wapi, nitasema ianzie kwenye usaha wa masikio ya watoto.

Wepesi huo una mipaka, kwa sababu mwili wa mtu mmoja hupokea madhara yote kwa pamoja. Fundi wa Kamukunji jijini Nairobi anayegonga bati kutwa nzima bila kuziba masikio tayari anazipa seli zake mzigo usiostahimilika. Ikiwa jioni anameza diklofenaki ya mgongo, na kesho tena, na wiki ijayo tena, basi damu ya koklea inapungua katika saa zilezile ambazo koklea inaihitaji ili ijirudi baada ya kelele. Sitarajii kwamba wauguzi wa Marekani waliofuatiliwa na Harvard wanamwakilisha fundi huyo. Ninachoogopa ni kwamba wanampunguzia hatari yake, kwa sababu wao hawagongi bati. Dereva wa bodaboda, mfanyakazi wa kinu cha kusaga nafaka na mpiga muziki wa kumbi za usiku wako katika hali ileile, na hao ndio wanaoishi na maumivu ya mwili ya kila siku ambayo hakuna aliyewapangia matibabu mengine.

Kuna pia mzunguko ambao wengi wamo ndani yake bila kujua. Anayetumia dawa za kawaida za maumivu kwa siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayosababishwa na dawa zenyewe. Kichwa kinauma, anameza. Dawa ikiisha kichwa kinarudi, anameza tena. Vidonge vya mchanganyiko vyenye aspirini, parasetamoli na kafeini, ambavyo vibanda vingi huviuza kimoja kimoja pamoja na sigara na peremende, ni mlango mpana wa kuingilia katika mzunguko huo, na hapo mara kumi au zaidi katika mwezi, kiwango kilicho chini ya kile cha dawa moja moja, hutosha. Mtu wa namna hii ndiye hasa anayelingana na wale waliohesabiwa katika tafiti, na tatizo lake haliishi kwa kubadilishiwa chapa ya kidonge. Anahitaji kuonwa na daktari, aachishwe dawa hizo kwa mpango, na apewe matibabu ya kuzuia maumivu yasirudi.

Kwa wenye magoti au viungo vinavyouma kwa sababu ya umri, ipo njia ambayo haipendekezwi vya kutosha: diklofenaki ya kupaka. Jeli hiyo hufanya kazi pale inapopakwa, na kiasi kinachoingia katika damu ni sehemu ndogo tu ya kile kinachoingizwa na kidonge. Mwenye ugonjwa wa figo au mzee ambaye figo zake zimechoka ana sababu zaidi ya kuipendelea, kwa kuwa dawa ya kumeza inaweza kuzidhuru zaidi figo hizo. Mwenye baridi yabisi halisi, ile inayoharibu viungo, naye asiachie mateso yake mikononi mwa Brufen ya kila siku, kwa sababu zipo dawa zinazozuia ugonjwa wenyewe, na kadiri anavyoanza mapema ndivyo anavyohitaji vidonge vichache vya maumivu.

Jambo moja lisichanganywe na haya yote. Mtu anayeamka asubuhi na sikio moja halisikii hana tatizo la kusubiri dawa ya maumivu itoke mwilini. Huo ni upotevu wa ghafla wa usikivu, ni dharura, na matibabu yake ya dawa za steroidi hufaa zaidi yakianza ndani ya siku chache. Salisilati hugusa masikio yote mawili kwa pamoja. Sikio moja pekee likizima, sababu itafutwe kwingine, tena siku hiyohiyo.

Nimekwisha kusema kwamba masikio hayatajwi kaunta, na ni haki kueleza kwa nini. Karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi la ibuprofeni au diklofenaki huutaja mlio wa masikioni miongoni mwa madhara, lakini mnunuzi wetu haioni karatasi hiyo kamwe. Boksi linabaki rafuni. Yeye anakatiwa vidonge sita au kumi kutoka kwenye bamba, vinatiwa katika kibahasha, na juu yake kunaandikwa 1×3. Maandishi hayo humweleza mnunuzi ameze vingapi kwa siku, lakini siku ya kuacha haimo, na mara ngapi kwa mwezi anaruhusiwa kurudi kununua tena hamna. Kwa kuwa hatari inayozungumzwa hapa ipo katika idadi ya siku, kibahasha hicho kimeacha habari ile hasa inayohitajika.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya zinaweza kulirekebisha hili bila kujenga hospitali wala kununua mashine. Kibahasha kichapwe nafasi ya kuandika tarehe ya mwisho ya kumeza dawa. Mafunzo ya watoa dawa, ambayo tayari huwafundisha kuuliza kuhusu tumbo na ujauzito, yaongezwe maswali mawili: dawa hii umeitumia siku ngapi katika mwezi huu, na je, masikio yako yanavuma au unasikia kwa shida? Atakayejibu kwamba anaitumia zaidi ya siku mbili kwa wiki, na amefanya hivyo kwa miezi, asikatiwe bamba jingine kabla ya kuelekezwa kituo cha afya, ambako kwanza itatafutwa sababu ya maumivu yake, na pale penye kifaa, usikivu wake upimwe ili mwaka unaofuata kuwe na kitu cha kulinganisha nacho.